Aliyeitika Arobaini na Mbili

Kila asubuhi, kabla hajafungua kitabu, Apolinary aliutazama kwanza uzio. Alikuwa akijiambia njia nzima kwamba leo hatautazama. Alifika kwenye meza yake ya mbao pale uwanjani, akaweka kidau cha wino, akaweka kalamu, akapangusa umande juu ya jalada. Kisha shingo ikageuka yenyewe, kama shingo ya mtu aliyeitwa.

Walikuwapo. Wanawake watano wameketi chini, nje ya uzio wa matete, viunoni wamejifunga mikanda ya matanga, ya majani makavu ya mgomba, ukungu umewafunika mpaka mabegani. Hawakulia. Hawakuomba kitu. Walikuja kusikiliza.

"Karani, wageni wako wamewahi leo," alinong'ona Melkiory, nyapara wa machimbo, mtu mnene mwenye kicheko cha pua. "Sisi wengine tunaamshwa na jogoo. Wewe unaamshwa na wajane."

"Gonga kengele yako, Melkiory."

"Nagonga, baba, nagonga. Usiniandike mtoro."

Akakigonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini, na watu mia na ishirini wakajipanga mistari, majembe na sururu mabegani. Apolinary akaanza kuita. Namba kwanza, kisha jina, na kila jina likajibiwa "Naam!", naye akatia alama yake ndogo ya wino mweusi. Alipoita kumi na saba, sauti ikajibu, na mwanamke mmoja kule uzioni akainamisha kichwa. Alipoita thelathini, akainama mwingine.

"Arobaini na mbili. Byabato."

"Naam!" akajibu kijana mrefu wa mstari wa tatu, kwa sauti ya kupasua ukungu.

Nje ya uzio Auleria, aliyekuwa wa kwanza kuja kati ya wale watano, akafumba macho taratibu, kama mtu mwenye kiu aliyepata funda moja la maji. Byabato alikuwa mume wake. Byabato alikuwa amekufa tangu mwezi wa tano.

* * *

Ulikuwa mwaka wa arobaini na nne. Vita vya Wazungu vilikuwa havijaisha, na bati lilitakiwa kuliko watu waliolichimba. Kampuni ilikuwa imeuchimbua mlima mzima juu ya Kibingo, mitaro huku, mapango kule, na chini kijito kimekuwa chekundu kwa kuosha mchanga. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka Karagwe yote, na mwaka ule walikuja pia kutoka ng'ambo ya mto Kagera, wakiikimbia njaa iliyokuwa ikimaliza vijiji huko kwao. Walifika mifupa mitupu. Ungewaambia wabebe mlima wangeuliza tu wauweke wapi.

Apolinary hakuwa mwenyeji. Kwao Muleba, amesomeshwa na mapadre, na mapadre walimfundisha mwandiko. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake duniani. Herufi zake zilisimama wima kama migomba iliyopandwa kwa kamba. Kitabu cha majina kilifunguliwa Januari na kufungwa Desemba, kila mtu na mstari wake mmoja wa mwaka mzima, na Bwana Miwani, Mzungu aliyesimamia machimbo, alikuwa akiwaonyesha wageni kitabu hicho kabla hata hajawaonyesha bati. "Tazameni," alikuwa akisema. "Hakuna mkwaruzo hata mmoja."

Kosa lilianzia hapo, kwenye sifa hiyo.

Januari namba kumi na saba alikufa kwa homa. Taarifa ya kifo ilijazwa kwenye karatasi yake, ikapelekwa Bukoba, ikaisha. Siku hiyohiyo akaja mtu mpya kuomba kazi. Apolinary alipaswa kulikata jina la marehemu kwa wino mwekundu na kumwandika mgeni chini kabisa ya orodha. Aliishika kalamu juu ya ule ukurasa mweupe, mzuri, akaona mstari mwekundu utakavyoukata kama kovu usoni mwa mtoto. Akairudisha kalamu.

"Mpaka mwaka uishe," alimwambia yule mgeni, "ukisikia jina hili, itika."

Mgeni alicheka, akaitika, akapewa sururu. Jambo lenyewe halikuwa na uzito wowote. Baadaye alikufa namba thelathini, na baada yake wengine wawili, na kila mara mtu mpya aliingia ndani ya jina la zamani kama anavyoingia ndani ya koti la mtumba. Kisha Mei, mvua za mwisho zikaangusha pango moja. Udongo ulimmeza Byabato peke yake. Walichimba siku mbili, siku ya tatu Bwana Miwani akasema basi. Ukoo wake, kwa kukosa mwili, ukafanya kama wafanyavyo kwao mtu anapopotea moja kwa moja: wakakata shina la mgomba, wakalivika mbugu yake, nguo ya gome la mti, wakalizika. Na mstari wa arobaini na mbili ukapewa kijana mmoja kutoka ng'ambo, aliyefika akitafuna jani.

Agosti Auleria alikuja kuchukua blanketi na kiko cha marehemu. Nyumbani wazee walikuwa wameshapanga siku ya kuanua matanga. Akafika mapema, akaketi nje ya uzio angoje watu wamalize kuitwa. Akasikia jina la mumewe likiitwa. Akalisikia likiitika.

Waliokuwa karibu walisema hakupiga kelele. Kikapu tu kilimponyoka.

Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi. Habari ikatembea vijijini, na kabla ya wiki mbili kupita wakawa watano.

* * *

Barua ya kwanza Apolinary aliiandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko siku zote. *Kwa heshima na taadhima naomba Bwana uniruhusu nihamie ofisi ya Bukoba, kwa sababu baridi ya mlima huu imeniharibu kifua.*

Bwana Miwani aliisoma akiwa amesimama dirishani. Alikizungumza Kiswahili polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

"Kifua? Mimi nakusikia kila asubuhi. Kifua chako ni kengele." Akampa blanketi la kampuni.

Barua ya pili ilisema mama mkwe wake ni mgonjwa sana huko Muleba na hana wa kumwangalia.

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama yake Adelgunda?"

"Ndiyo, Bwana."

"Mwaka jana ulichukua siku sita. Ulikwenda kumzika."

Apolinary alizihesabu zile siku sita. Alikuwa amesahau. Hakusahau kwamba mama mkwe amekufa. Alisahau kwamba hapa waliokufa huandikwa mahali.

"Amerudi?" Bwana Miwani aliuliza, na haikujulikana kama anatania.

"Nimekosa, Bwana."

"Niambie sababu ya kweli, nitasaini sasa hivi. Kuna mtu anakutisha? Melkiory?"

Apolinary alifumbua kinywa. Maneno yalikuwapo, mepesi kabisa: nje ya uzio wako kuna wanawake watano, nami kila siku nawafufulia waume zao na kuwanyang'anya. Lakini kuyasema ilikuwa kukifungua kitabu na kuonyesha kidole: hapa, na hapa, na hapa, nimewatia alama wafu kwamba wamekuja kazini. Akafumba kinywa.

"Basi sikiliza," Bwana Miwani akasema. "Jumamosi anakuja Bwana Mkubwa kutoka Bukoba. Anatafuta karani wa kukitunza kitabu kikuu. Nitamwonyesha chako. Akikiona safi kama ninavyokiona mimi, wewe nenda naye. Ofisi ya mawe, vioo madirishani, ziwa mbele yako. Sawa?"

"Sawa, Bwana. Asante, Bwana."

Adhuhuri alipomweleza mkewe, Adelgunda aliacha mwiko ndani ya chungu cha ndizi.

"Ngoja kwanza. Umemtia mama yangu ugonjwa kaburini?"

"Mke wangu, nilikuwa nimebanwa."

"Angalau, Baba Novatus, ungemtaja mama yako wewe, ambaye bado anatafuna nyama!" Kisha hasira ikamwisha, akaketi kwenye kigoda. Mtoto Novatus alikuwa amelala mgongoni kwake, mdomo wazi. "Jumamosi. Kweli Jumamosi?"

"Kitabu kikiwa safi."

"Kitabu chako lini kilikuwa kichafu?" Akaanza kuhesabu vyungu vya kubeba na vya kuacha. Alikuwa na mwaka mzima hajazungumza na mwanamke wa kwao, na hapa wajane walipompita kisimani walinyamaza mpaka amalize kuteka. "Nitasikia kengele ya kanisa tena," alisema. "Kengele ya kweli. Si hilo chuma la Melkiory."

Apolinary aliitazama ndizi kwenye sahani yake. Siku hizi hata mezani aliwasikia. Jina, naam. Jina, naam. Na lililomtesa zaidi lilikuwa dogo: alipomwita Byabato hakuiona tena sura ya Byabato. Alimwona yule kijana mrefu. Sura ya mtu aliyemwandika kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa imefutika, na lililobaki ni herufi.

* * *

Jumatano aliamua kumwendea Auleria. Alimngoja njiani, pale mteremko unapoingia migombani, ili amwombe siku tatu tu. Wasije mpaka Jumamosi ipite. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri.

"Shikamoo, bwana karani," Auleria akamtangulia. Alikuwa mwanamke wa miaka isiyofika thelathini, miguu imejaa vumbi jekundu. Walisemezana yeye kwa Kinyambo chake, Apolinary kwa Kihaya chake, wakaelewana.

"Marahaba. Mama, ninakuja na ombi."

"Wewe? Kwangu?" Karibu acheke. "Mimi si mkubwa wa mtu, hata fimbo sina."

"Huyu anayeitika si mumeo. Unajua."

"Najua. Nimemwona. Ni mtoto wa watu, mrefu, anapiga kelele kama anaita ng'ombe. Byabato hakuwa na sauti. Hata nyumba ikiungua angekuja kuninong'oneza."

"Sasa kwa nini unakuja?"

Auleria aliuweka chini mtungi aliokuwa ameubeba.

"Wazee walikuwa wamekwisha kuweka siku ya kuanua. Nikarudi na habari, maana niliulizwa blanketi liko wapi, nikashindwa kudanganya. Nikasema nimesikia anaitwa, na anaitika. Baba mkwe akasimama. Akasema, tumezika mgomba wa mtu ambaye jina lake linakwenda kazini? Nani ataanua matanga ya anayeitika? Wakaivunja siku." Akaushika ule mkanda mkavu kiunoni; ulitoa sauti ya majani yanayokanyagwa. "Mvua za maharage hizi zimeanza. Mwenye mkanda huu hashiki jembe. Shamba langu limeota nyasi mpaka hapa. Watoto wanakula kwa jirani. Mdogo, yule wa miaka minne, akiulizwa baba yako yuko wapi, anasema yuko machimboni, namba arobaini na mbili."

Apolinary aliinamisha macho kwenye mkanda ule.

"Nakuja kusikiliza," Auleria akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "kwa sababu nasema labda leo wataliita, na hapatakuwa na mtu. Siku hiyo nitakwenda kumwambia baba mkwe. Ndicho ninachongoja. Ukimya tu." Akauchukua mtungi. "Na ombi lako, bwana karani? Ulisema una ombi."

"Nimelisahau," alisema Apolinary.

* * *

Ijumaa, mara baada ya chakula cha mchana, Bwana Miwani alimwita ofisini. Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa. Ombi lako la kuhamia Bukoba limekubaliwa. Ilikosa sahihi tu.

"Naiweka hapa mpaka kesho," alisema Bwana Miwani, akailaza chini ya jiwe la bati. "Wa kushika nafasi yako nimempata. Egbert, kijana ametoka shule juzi. Atafika Jumatatu. Kalamu zako mwachie. Na muhuri wako."

Apolinary aliutazama muhuri uliokuwa kwenye kisahani chake cha wino. Ulikuwa umechongwa Bukoba, mti mgumu, herufi nzuri: *A. Kagaruki, Karani.*

"Muhuri una jina langu, Bwana."

"Mwingine utachukua miezi. Atatumia huohuo."

"Atagonga jina langu?"

"Mpaka mwaka uishe," Bwana Miwani akasema, akiwa ameshageukia karatasi nyingine. "Nani atajua?"

Ilikuwa mchana mweupe. Nje majembe yaligonga mawe, mtu akaimba kijitoni, mwingine akamtukana. Lakini Apolinary alisimama pale akahisi kama chumba kimemwagiwa maji ya kisima. Alimwona huyo Egbert asiyemjua, ameketi kwenye kiti chake, anaulizwa na mgeni jina lake nani. Alimwona Adelgunda anapita siku moja nje ya uzio, mtoto mgongoni, anasikia mtu akiita *Kagaruki!* na mtu akijibu. Hakukumbuka alivyotoka mle ndani.

Kwenye meza yake alikifungua kitabu. Akachukua rula. Akachovya kalamu kwenye kidau cha wino mwekundu, ambacho tangu Januari kilikuwa hakijafunguliwa na kizibo chake kilikuwa kimeganda. Alikifungua kwa meno. Kumi na saba. Mstari mmoja, kutoka ukingo mpaka ukingo, juu ya alama zote nyeusi za miezi tisa. Pembeni akaandika *amekufa*, na tarehe. Thelathini. Kisha wale wawili. Kisha arobaini na mbili. Hapo kalamu ilitoa tone, tone likadondoka, likatanda kama kidonda, naye akaliacha.

Watu walipopanda kutoka kazini aliwaita mmoja mmoja wale watano walioitikia majina ya marehemu.

"Jina lako."

"Si unalo, karani?"

"Lako. La kwenu."

Melkiory alisimama kando, mikono kiunoni. "Ehe! Leo karani anabatiza. Maji ya baraka yako wapi?"

Wanne walitaja majina yao wakicheka kwa haya, kama watu walioulizwa habari za mchumba. Apolinary akayaandika chini ya orodha. Wa tano, yule mrefu, alisimama, anakwaruza tope kwenye sururu kwa kidole cha gumba.

"Byabato inatosha, bwana karani," alisema mwishowe.

"Byabato ni jina la marehemu."

"Najua. Nimemzoea." Hakuinua macho. "Lile jingine, waliokuwa wakiniita kwalo hawapo. Tulitoka nyumbani tisa. Niliyevuka mto ni mimi. Sasa ukiliandika, nani ataliita?"

"Mimi."

Kijana alitikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Apolinary akaacha mstari mmoja mtupu.

* * *

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito, ule wa kushikika. Bwana Mkubwa wa Bukoba alikuwa ameketi barazani na Bwana Miwani, vikombe vya chai mikononi, wakingoja kuona watu wanavyoitwa. Nyumbani Adelgunda alikuwa amekwisha kufunga mikeka miwili kwa kamba. Apolinary hakuwa amemwambia. Alitaka, mara tatu alitaka, na kila mara alimkuta anaimba.

Akautazama uzio. Watano.

Reli ikalia. Akaita, na watu wakajibu, na alipofika kumi na saba akairuka. Mmoja wa wanawake akainua kichwa. Akairuka thelathini. Kule mistarini watu wakaanza kutazamana. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Aliita mpaka mwisho wa orodha, akawaita na wale wanne wapya kwa majina ya kwao, nao wakajibu, mmoja hata akakohoa kwa woga kwanza. Kisha Apolinary akasimama. Haikuwa desturi asimame.

"Sasa nitayasoma majina ya marehemu," alisema kwa sauti aliyoielekeza nje ya uzio. "Waliokufa katika kazi hii, mwaka huu. Nilikuwa nikiwaita kama wazima. Kosa ni langu."

Barazani kikombe kimoja kiligusa sahani.

Akasoma jina la kwanza. Akangoja. Hapakuwa na sauti. Ukungu ulipita katikati ya watu, na ukimya ule ulikuwa mkubwa mpaka kijito kikasikika huko chini. Mwanamke mmoja uzioni akatoa pumzi ndefu. La pili. Ukimya. La tatu. La nne.

"Byabato."

"Naam!"

Ilimtoka kijana kama kikohozi. Alikuwa amejizuia, kila mtu alimwona amejiziba mdomo kwa kiganja, lakini sauti ilitangulia mkono. Mtu fulani nyuma alinong'ona jina la Mungu. Apolinary aliutazama ule mstari mwekundu: amelisema, amelikata kwa wino, ameliungama mbele ya watu, na bado limeitika.

Auleria alikuwa ameinuka. Alipita kwenye lango la uzio, hakuna aliyemzuia, akatembea mpaka mstari wa tatu, mkanda wake ukichakarika kila hatua. Akasimama mbele ya kijana. Ilimbidi ainue uso ili amtazame.

"Mwanangu," alisema, ingawa hakumzidi miaka mingi. "Umemwitikia vizuri. Hukumwacha hata siku moja. Sasa nipe jina lake, nikamlaze."

Kijana alikuwa akilia bila sauti, mkono bado mdomoni.

"Mama yako alikuitaje?"

Kijana alishusha mkono. Uwanja mzima ulingoja, na wale Wazungu wawili waliokuwa wamesimama barazani wakangoja bila kujua wanachongoja.

"Nzamwita," alisema kijana, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika.

"Nzamwita," Auleria akarudia, ili liwe limesemwa na mtu. Akamgeukia Apolinary. "Mwite tena, bwana karani."

Apolinary akaita. "Byabato."

Hapana jibu. Kijito. Ukungu. Mahali fulani kunguru.

Auleria alingoja mpaka akatosheka. Alishika fundo kiunoni, lakini hakulifungua. Hilo ni la wazee, nyumbani. Akageuka, akatoka langoni, na wale wanne wakainuka wakamfuata. Walishuka mteremko mmoja nyuma ya mwingine, na ukungu ukawachukua kuanzia miguuni.

* * *

Bwana Mkubwa alikifungua kitabu, akaitazama ile mistari mitano myekundu na lile tone, akakifunga. Alisema machache kwa Kizungu, na Bwana Miwani akawa mwekundu kama mistari ile.

"Miezi tisa," Bwana Miwani alimwambia baadaye ofisini. "Miezi tisa unaniandikia wafu wamekuja kazini. Na mimi nawaonyesha wageni." Alikuwa na huzuni zaidi ya hasira, mtu aliyevunjiwa chombo cha kioo. "Ungekaa kimya siku moja. Moja tu. Ningekuwa nimesaini."

"Ndiyo, Bwana."

Akaitoa barua chini ya jiwe la bati, akaipasua mara mbili. Juu ya ombi la Apolinary akaandika kwa penseli nyekundu neno moja: *Hapana.* Kumfukuza hakumfukuza, kwa sababu vita vilitaka bati, na bati lilitaka karani. Egbert alifika Jumatatu, akanywa uji, akaendelea na safari mpaka Bukoba. Yeye ndiye aliyepata vile vioo na lile ziwa.

Adelgunda aliifungua mikeka kimyakimya. Siku mbili hakumsemesha mumewe. Siku ya tatu alirudi kisimani akatua mtungi, akasema bila kumtazama, "Leo wamenisalimu," akaingia jikoni.

Na Apolinary akaendelea kuita. Nje ya uzio palikuwa na nyasi tu, zimelala mahali patano, zikawa zinainuka kidogo kila siku. Alitazama hata hivyo. Nzamwita alikuwa sasa chini kabisa ya orodha, na aliitika polepole, mara nyingine ikabidi aitwe mara mbili. Lakini alipofika arobaini na moja, Apolinary hakukimbilia arobaini na tatu. Mahali pale penye mstari mwekundu aliacha pumzi moja. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Katika pumzi ile watu mia na ishirini walinyamaza pamoja, hata Melkiory, vichwa vimeelekea upande mmoja, wakisikiliza kama kuna atakayejibu.